Mwali Bila Wembe: Utangulizi wa Uchunguzi wa Malezi ya Wasichana Pwani

Mwanafunzi anayetaka kujua habari za kukomesha ukeketaji Tanzania kwa kawaida huelekezwa Tarime, Serengeti, Manyara, Singida au Dodoma. Ni haki aelekezwe huko, kwa kuwa huko ndiko wasichana wengi wanakokatwa. Mimi namwomba aanzie kwingine: Bagamoyo na vijiji vya kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Bunju, pamoja na vile vya bara yake, kuelekea Lugoba, Msoga na Chalinze. Wenyeji wa huku, Wazaramo, Wakwere na Wadoe, wana unyago wa tangu enzi, wenye makungwi wake, ngoma zake na miiko yake, na kwa kawaida hauna wembe. Msichana huvunja ungo, huwekwa ndani, hufundwa, huchezwa ngoma, kisha hutolewa nje, na kuanzia siku hiyo ni mtu mzima. Hakuna aliyemkata.

Jambo hilo lina uzito kuliko linavyopewa. Miaka mingi tumesikia mangariba na wazee wakisema kwamba msichana asiyekatwa hawezi kuwa mwanamke kamili, hana adabu, hataolewa, hatazaa salama. Pwani nzima ni jibu kwa dai hilo, na jibu lenyewe halikuletwa na mradi wala mhisani. Lakini pwani hiyo hiyo inatupa jibu la pili, lililo chungu zaidi: kutokuwapo kwa wembe hakukumpa mwanamke usawa. Binti wa Kizaramo asiyekatwa aliweza kuozwa akiwa na miaka kumi na mitano, akaacha shule, akalima shamba lililoandikwa jina la mumewe. Mtafiti aliyeshika majibu yote mawili kwa pamoja yuko tayari kuingia katika uwanja huu. Aliyeshika moja tu atapotea, ama kwa kuisifu mila kupita kiasi, ama kwa kudhani kazi itakwisha siku ngariba wa mwisho atakapoweka chini zana zake.

Bagamoyo ina bahati ya kuandikwa mapema, tena kwa Kiswahili. Mwaka 1903 kilichapishwa Göttingen, Ujerumani, kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichohaririwa na Carl Velten. Sehemu kubwa yake ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Humo mna jando, unyago, posa, talaka, mirathi na mambo ya watumwa, vyote vikielezwa na mtu aliyelelewa ndani yake. Kisome polepole, na ujiulize kila mara nani anasema. Mtoro alikuwa mwanamume, na unyago ni siri ya wanawake. Anaeleza vizuri yale yanayoonekana uani na barabarani, na ya ndani anayapata kwa kusimuliwa. Upungufu huo haumwondolei sifa. Unatufundisha tu kwamba tangu mwanzo elimu yetu ilikaa nje ya mlango, na kazi ya waliofuata ilikuwa kuingia ndani.

Aliyeingia ni Marja-Liisa Swantz, mwanamke wa Kifini aliyekuja Tanganyika miaka ya 1950 kama mwalimu, kisha katikati ya miaka ya 1960 akakaa Bunju, wakati Bunju ikiwa bado kijiji cha Wazaramo, kabla jiji halijaimeza. Kitabu chake cha 1970 kuhusu ibada na alama katika maisha ya Wazaramo bado ndicho mlango wa kwanza wa kupita. Kutoka kwake tunapata picha ya mwali kwa undani. Zamani binti aliweza kukaa ndani miezi mingi, hata miaka, akila vizuri, akifanya kazi nyepesi, akisema kwa sauti ya chini, ngozi yake ikitakata kwa kukosa jua. Alipewa mwana hiti, kisanamu kidogo cha mti chenye kichwa, nywele na kiwiliwili kisicho na mikono, akitunze kama mtoto, akipake mafuta. Kisanamu hicho kilikuwa mali ya ukoo, na ukoo kwa Wazaramo hufuata upande wa mama. Aliyekishika alikuwa amekabidhiwa uzazi wa ukoo mzima. Baadaye alipelekwa chini ya mti wa mkole, mti wenye matunda mengi, akafundwa na kuchezwa huko. Leo mwana hiti wengi wamo katika makumbusho ya Ulaya na katika nyumba za wakusanyaji wa sanaa. Vijijini kupata mmoja ni kazi.

Nimekaa kwenye mwana hiti makusudi. Wanaharakati wengi huona katika unyago mambo mawili tu: masomo ya kitandani na kumwandaa binti amtii mume. Yote mawili yamo, na hatuna sababu ya kuyaficha. Lakini mbele ya hayo palikuwa na mafundisho mengine: kwamba damu ya binti ni nguvu na si uchafu, kwamba ukoo hauna kesho bila yeye, kwamba wanawake wana mambo yao ambayo mwanamume hayaingilii. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, alipoanza kuwaita wanawake wajiunge na TANU mwaka 1955, hakwenda kwenye ofisi wala shuleni. Alipita kwenye vikundi vya ngoma vya wanawake wa mjini. Susan Geiger, katika kitabu chake cha 1997 kuhusu wanawake wa TANU, ameonyesha kuwa vikundi hivyo vilikuwa na viongozi, michango na nidhamu yao kabla chama hakijafika. Wanawake waliozoea kukusanyana bila kuomba ruhusa ya wanaume ndio waliojaza mikutano ya uhuru. Sisemi unyago ulizaa uhuru. Nasema anayetaka kuujua uwezo wa wanawake wa pwani asipite nje ya ngoma zao akiwa ameziba pua.

Mwaka 1975 hivi ukaanza mradi wa Jipemoyo, uliounganisha wizara iliyoshughulika na utamaduni na watafiti wa Finland, katika vijiji vya magharibi mwa Wilaya ya Bagamoyo. Watafiti walikaa na wanavijiji, wakajadiliana nao matatizo yao, wakakataa ule utaratibu wa kuchukua majibu na kuondoka. Katika mradi huo Ulla Vuorela alifanya kazi Msoga, na kitabu chake cha 1987 nakipendekeza kwa kila anayesoma habari za jinsia nchini. Anaonyesha jinsi kijiji cha Wakwere, wanaohesabu ukoo kwa mama, kilivyobadilika uchumi wa fedha, dini na serikali vilipoingia. Sera ya vijiji vya ujamaa ilikuja na maneno mazuri ya usawa, lakini ilihesabu watu kwa kaya, na kaya ilikuwa na mkuu wake, na mkuu alikuwa mwanamume. Mwanamke aliyekuwa na sauti kwa wajomba zake akajikuta anaingia katika daftari la kijiji kama mke wa fulani. Hakuna aliyeinua wembe hapo. Hata hivyo kitu kilikatwa, na hatujamaliza kukipima. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki sawa ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Ukifika kijijini uliza hati zimeandikwa majina ya nani.

Suala la shule na ndoa linaunganika hapo hapo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, huku mvulana akisubiri 18, na kwa idhini ya mahakama hata wa miaka 14 waliweza kuoana. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipeleka vifungu hivyo Mahakama Kuu, ikaamua mwaka 2016 kuwa vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaushikilia uamuzi huo Oktoba 2019. Katikati ya kesi hiyo, Juni 2017, Rais John Magufuli alisimama Chalinze, ndani ya eneo hili tunalolisoma, akatangaza kwamba mwanafunzi akipata mimba hatarudi shule. Novemba 2021 serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliwafungulia mlango warudi. Kwa miaka hiyo minne na zaidi, wasichana wa pwani walioitwa watu wazima na makungwi wao walikuwa wakiadhibiwa na shule kwa utu uzima huo huo. Mimi naona hapo ndipo unyago wa leo unapodaiwa jibu. Binti huvunja ungo akiwa darasa la tano au la sita. Kumfunda kwamba sasa ni mwanamke, bila kumfunda kwamba ana haki ya kusema hapana na ya kumaliza shule, ni kumwacha nusu ya njia. Makungwi ninaowaheshimu wanalijua hilo, na wengine wameshaanza kufupisha siku za ndani zilingane na likizo.

Sasa tuje kwenye wembe wenyewe, kwa kuwa Bagamoyo haiko nje yake. Bara ya wilaya hii wanaishi wafugaji wa Ilparakuyo, jamaa wa Wamaasai, na wamekuwa hapa kwa vizazi. Peter Rigby aliandika juu yao kwa miaka mingi, na kitabu chake cha 1985 kuhusu wafugaji hawa kinatokana kwa sehemu kubwa na maisha yao katika eneo hili. Kwao msichana hukatwa anapokaribia kuolewa, kama ilivyo kwa Wamaasai wengine. Kwa hiyo katika kata moja, wakati mwingine katika kituo kimoja cha afya na shule moja, hukutana binti wa Kikwere aliyechezwa bila kukatwa na binti wa Kimaasai anayesubiri kukatwa au aliyekwisha kukatwa. Nchi chache zinampa mtafiti nafasi ya namna hii, na ajabu ni kwamba wachache wameitumia.

Takwimu za wilaya hazikusaidii sana, basi jifunze kwanza kuzisoma za taifa. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto unaofanywa nchini kila baada ya miaka kadhaa ulionyesha mwaka 1996 kuwa asilimia 18 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Mwaka 2015/16 ilikuwa asilimia 10, na mwaka 2022 asilimia 8. Ndani ya wastani huo mikoa inatofautiana kama ardhi na mbingu: mwaka 2015/16 Manyara ilikuwa na asilimia 58, na Zanzibar karibu na sifuri. Kati ya wanawake wa miaka 45 hadi 49 waliokeketwa walikuwa karibu asilimia 19, na kati ya wasichana wa 15 hadi 19 karibu asilimia 5. Hizo ni habari njema, na zifurahiwe. Ila kumbuka mambo mawili. Mwanamke wa miaka 40 anakueleza kilichotokea miongo mitatu nyuma, si kilichotokea mwaka huu. Na mwanamke anayejua kwamba mama yake anaweza kufungwa ana kila sababu ya kujibu hapana.

Kifungo hicho kipo tangu mwaka 1998, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ilipoingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 169A. Anayemkeketa, au kusababisha akeketwe, msichana wa chini ya miaka 18 aliye chini ya uangalizi wake anaweza kufungwa miaka 5 hadi 15, au kutozwa faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Tazama umri huo. Sheria haimtaji bi harusi wa miaka 19 anayeshikiliwa na wifi zake. Kenya, katika sheria yake ya mwaka 2011, haikuweka umri wa kuishia, na Mahakama Kuu ya huko iliilinda sheria hiyo Machi 2021 pale daktari mmoja alipodai kwamba mwanamke mzima ana haki ya kuchagua kukatwa. Uganda ilitunga yake mwaka 2010. Mpaka wetu na Kenya kwa upande wa Mara unavukwa na Wakuria wenye koo pande zote mbili, na sheria mbili zenye makali tofauti ni mwaliko wa kuvuka. Ndiyo maana Aprili 2019 nchi tano za ukanda huu zilikutana Mombasa kukubaliana juu ya ukeketaji wa kuvuka mipaka.

Je, sheria peke yake inatosha? Kisome kisa cha Meru, Kenya. Mwaka 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke, likisukumwa na utawala wa Kiingereza, lilipiga marufuku ukeketaji. Wasichana walijikusanya wakakatana wenyewe, wakajiita Ngaitana, yaani nitajitahiri. Mwanahistoria Lynn Thomas anaeleza kuwa katika miaka mitatu zaidi ya watu 2,400 walishitakiwa, wasichana wakiwamo. Kisa hicho hunisumbua kila nikisomapo, kwa sababu wasichana wenyewe walishika wembe ili wasinyang'anywe utu uzima wao na wanaume wa baraza. Marufuku ilisahau kuwaambia watakuwa nani wasipokatwa.

Kwa swali hilo lilitafutwa jibu Tharaka, Kenya, mwaka 1996, pale wanawake wa huko pamoja na chama cha Maendeleo ya Wanawake walipoanzisha mafunzo na sherehe ya kumtoa msichana bila kumkata. Njia hiyo imeenea, hata kwa Wamaasai wa Kilindi, mkoani Tanga, si mbali na hapa. Inafaa pale ambapo kukatwa ni sherehe ya hadhara ya msichana mkubwa. Haifai Singida na sehemu za Dodoma, ambako watoto wengi hukatwa wakiwa wachanga, kwa imani kwamba wembe unatibu ugonjwa uitwao lawalawa. Mtoto wa miezi miwili huwezi kumchezea ngoma badala ya wembe. Huko anayehitajika ni mkunga na muuguzi anayemweleza mama kwamba muwasho wa mtoto unatibika kwa usafi na dawa. Hapa ndipo naona wafadhili wamekosea mara nyingi: wana dawa moja, na wanaibeba kila mkoa.

Upo pia mjadala wa nadharia, na usiukwepe kwa kudhani ni wa wazungu wa chuoni. Gerry Mackie aliandika mwaka 1996 kwamba ukeketaji ni kama ulivyokuwa ufungaji wa miguu ya wasichana China: kila mzazi anaogopa binti yake peke yake akiachwa hataolewa, hivyo hakuna anayethubutu kuanza. Wazazi wa kutosha wakiahidiana kwa pamoja, desturi huanguka haraka. Wazo hilo ndilo lililo nyuma ya matamko ya hadhara ya vijiji tunayoyaona kila mwaka karibu na tarehe 6 Februari, siku ya kimataifa ya kupinga ukeketaji. Bettina Shell-Duncan na wenzake walilipima Senegal na Gambia, na mwaka 2011 wakaonyesha kwamba huko hofu ya kutoolewa haikuwa na nguvu sana. Kilichobana zaidi ni wanawake wenyewe kwa wenyewe: asiyekatwa hakupewa nafasi kati ya wenzake, hakusikilizwa na wakwe. Kwa maneno ya huku tungesema hakuwa na somo, yaani kungwi wa kumsimamia.

Na usiache kumsoma Dorothy Hodgson, aliyefanya kazi miaka mingi na wanawake wa Kimaasai kaskazini mwa nchi. Anaeleza jinsi walivyowaambia wanaharakati wa mijini, waziwazi, kwamba kabla ya ukeketaji wanataka ardhi, maji, chakula na shule. Wengine waliwaona kuwa wakaidi. Mimi nasikia katika maneno yao madai ya usawa yaliyo mapana kuliko yetu. Mama asiye na ng'ombe wala shamba lake hana pa kusimama akatae binti yake kukatwa. Mpe pa kusimama, naye atabishana na mama mkwe wake kwa nguvu kuliko afisa yeyote wa mradi.

Ukija kufanya kazi huku, basi, pita kwanza kwa mtendaji wa kijiji na kibali chako cha utafiti mkononi, kisha nenda kwa wanawake wazee, uwasalimie, ukae. Unyago una mambo yasiyosemwa kwa asiyechezwa, na ukiambiwa lango limefungwa, rudi nyuma kwa heshima. Kwa wafugaji usimwulize mwanamke kama amekeketwa mbele ya mumewe au mkwewe. Ni swali linaloweza kumpeleka mtu jela au kumletea kipigo usiku. Yaache majina nje ya daftari lako. Ukikuta binti ambaye siku ya kukatwa imekaribia, utafiti unasimama hapo: kuna dawati la jinsia na watoto polisi, kuna ofisi ya ustawi wa jamii, na wewe ni mtu mzima wa kwanza aliyejua.

Kama ungeniomba nikupe swali moja la kuanzia, ningekupa la ndoa. Ilparakuyo na Wakwere wamekaa jirani muda mrefu, wakiuziana maziwa na mahindi, wakigombana kwa mashamba na malisho, watoto wao wakikaa dawati moja. Yapo madai kwamba asiyekatwa hazai vizuri na hawezi kutunza boma, na jirani hapo pana kijiji kizima cha mama wasiokatwa wenye wajukuu. Nani anaoa kwa nani? Binti wa Kikwere akiolewa bomani, wakwe wanamfanyaje, na binti zake yeye hulelewa kwa mila ya nani? Kijana wa Kimaasai aliyefanya kazi ya ulinzi Bagamoyo mjini miaka kadhaa, akarudi kuoa, anataka mke wa namna gani, na anathubutu kulisema hilo mbele ya baba yake? Anza na kitongoji kimoja, chora koo zake pande za mama na za baba, na andika kila ndoa iliyovuka mpaka huo.